Gari Linalokula Kidogo

Nathanaël aligusisha waya mwekundu kwenye kichwa cha kipande cha betri, na taa ya gari aliyoifunga juu ya ubao ikawaka. Fulgence, mwenye gari, alichuchumaa karibu. Taa ilisimama na mwanga wake kwa muda, kisha ikageuka rangi ya chungwa, ikafifia mpaka ukabaki uzi mwekundu tu ndani ya kioo.

"Hii pia ilishakufa," Nathanaël alisema.

"Ngoja kidogo. Pengine inapumzika."

"Papa Tina, taa haijue kudanganya. Weka ku upande ya wafu."

Fulgence alikichukua kipande kile, cha kijivu, kirefu na chembamba kama kitabu cha nyimbo za kanisani, akakilaza upande wa kushoto wa mkeka. Upande wa kulia walilala wazima. Tangu asubuhi pande hizo mbili zilikuwa zikikua pamoja, na Fulgence alikuwa amekoma kuzilinganisha kwa macho. Nyuma yao gari lilisimama milango wazi, kiti cha nyuma kimeng'olewa na kuegemezwa ukutani kikiwa bado kimevaa kitambaa chake cha maua.

Lilikuwa gari la mseto, la petroli na betri kwa pamoja. Hapo mtaani Kindia watu waliliita Paka, kwa sababu lilifika mlangoni bila mlio na kuwashtua kuku. Sifa yake kubwa haikuwa ukimya. Lilikula petroli kidogo, na mwezi huo mjini Bunia hapakuwa na sifa iliyoipita hiyo. Barabara ya Mahagi ilikuwa haipitiki kwa sababu ya mashambulizi, malori ya mafuta yalisimama upande wa Uganda, na kadhafi, wale wauza petroli ya chupa kando ya njia, walikuwa wamepanga sabuni na njugu kwenye meza zao.

Ndiyo maana Mama Espérance, mkubwa wa akina mama wauza samaki, alimchagua Fulgence na kuwaacha wenye magari mapya. Dumu la petroli lililowafikisha wengine Kasenyi, kwenye ziwa, lilimpeleka Paka na kumrudisha. "Kesho asubuhi nakuja na avansi," alikuwa amesema. "Lakini nataka kuona gari inatoka yenyewe ku mlango. Isisukumwe na batu."

Avansi hiyo, malipo ya mwanzo ya safari, ilikuwa ndiyo kodi ya nyumba. Pasipo kodi, mwenye nyumba, Mama Huguette, angewapa wengine vile vyumba viwili, na Fulgence na mkewe Gertrude hawakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa kambi ya waliokimbia vita, walikokaa walipotoka Djugu. Kule, chini ya turubai, Gertrude alizaa mtoto wa kiume ambaye hakuuona mwisho wa mvua. Binti yao Tina alikuwa ameshapelekwa kwa mjomba wake, ambako palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu, na Gertrude sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Habari ya kambi aliitaja mara moja tu, akiwa anaosha vyombo, bila kugeuka: "Pale sirudi na tumbo."

"Lete ingine," Nathanaël alisema.

*

Kabla ya saa sita harufu ya mikate ya kukaanga iliingia uani, na nyuma yake ikaingia pikapu ya zamani ikitoa moshi mweupe. Kwenye usukani alikaa Ephraïm, kaka mkubwa wa Gertrude, akipiga honi ingawa hakuna aliyeziba njia.

"Ephraïm!" jirani mmoja alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua. "Ukikaanga mikate mu motere, tuletee na chai!"

"Cheka tu. Kesho utapanda."

Alishuka bila kuzima injini, kwa sababu alitaka waisikie. Alikuwa ameihangaikia wiki nzima. Alipasha mawese moto kwenye jiko la makaa, akayachuja kwa kipande cha kitenge, akayachanganya na dizeli kidogo aliyoipata kwa shida, akamimina. Na injini ilikwenda. Hilo halikuwa na ubishi. Ilikwenda kwa kukohoa, lakini ilipanda kilima cha Mudzipela na kushuka.

"Shemeki," alimwambia Fulgence, akiweka mkono kwenye paa la Paka, "weye uko unangoja esanse ya Uganda. Mimi niko nangoja ngazi za mawese ziive ku muti. Nani atatembea mbele?"

"Esanse yangu inatoshaka," Fulgence alijibu polepole. "Ku mulima batri inasaidia motere. Ku muteremuko inarudisha nguvu. Batu ya kesho watatembea na gari yenye kukula kidogo."

"Watatembea na gari yenye kukula kitu ya kwetu! Batri yako ikikufa unaita nani? Utapiga simu Japani? Mawese ikiisha mimi naita mama moja tu ya soko."

"Motere ya mawese inazibana."

"Inazibana, unafungua, unasafisha. Mutu anafungua kitu anaijua. Ile yako, angalia, Nathanaël amevaa ganti za kuosha sahani sawa anaogopa nyoka."

Nathanaël, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza redio na simu, na ambaye mambo ya betri hizi alijifunza kwenye video, aliitazama mikono yake katika glavu za njano. "Naogopa kweli," alisema. "Hii ikikupiga hauite mama."

Walicheka kidogo. Gertrude hakucheka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akitwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kikiwa kati ya miguu, tumbo likimlazimisha kunyoosha mikono mbali.

"Yaya," alimwambia kaka yake, "bidon ya mawese ku soko ilipanda bei mara ngapi hii mwezi?"

"Imepanda kidogo."

"Sombe ya leo haina mawese. Nitapika na maji na chumvi. Nyote madereva mukimwanga mawese mu motere, siye tutakula nini? Tutalamba bomba ya moshi?"

Jirani alicheka tena. Ephraïm alikuwa mtu mwepesi wa maneno, na dada yake peke yake ndiye aliyejua kumnyamazisha. Alikwenda akazima pikapu.

"Mimi naona gari zote mbili ziko na ugonjwa," Nathanaël alisema akiwa ameinamia mkeka. "Batri inaogopa joto. Mawese inaogopa baridi. Lete ingine."

*

Mama Huguette alikuja kwa miguu, mwamvuli mkononi ingawa jua lilikuwa bado linawaka. Hakuwa mkali. Alikuwa mjane, mwanawe alikuwa katika mwaka wa mwisho wa chuo Kisangani, na nyumba hii ndiyo iliyokuwa ikimsomesha. Alisimama pembeni mwa mkeka, akivitazama vipande vya kijivu.

"Papa Tina, hii kitu haiko na asidi? Isimwangike ku simenti yangu."

"Hapana, mama. Tumetandika mukeka."

"Nyumba yangu haiko garaji."

"Najua, mama. Ni leo tu."

"Leo tu." Aliyarudia maneno hayo bila kebehi, kama mtu anayeyapima uzito. Kisha akamgeukia Gertrude. "Mama Tina, niko na haya kukuambia. Nataka ufunguo ya pili."

Gertrude aliacha mchi ndani ya kinu.

"Wale batu wengine walishatoa garanti ya kuingia," Mama Huguette aliendelea. "Niliwaambia wangoje mpaka kesho saa ine. Lakini ufunguo, ni heri niishike mimi. Isije ikapotea mu kuhama."

"Bado hatujahama, mama."

"Sijasema munahama. Nasema ufunguo."

Ufunguo wa pili ulining'inia kwenye msumari ndani ya mlango, juu kidogo ya kichwa cha Gertrude alipokaa. Angeweza kumwambia mumewe autoe. Aliinuka mwenyewe, kwa hatua mbili, kwanza magoti, kisha mgongo, akautungua na kumpa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima. Mama Huguette naye aliupokea kwa mikono miwili. Wote wawili walikuwa wamelelewa vizuri.

Alipofika njiani mjane yule alisimama, akaonekana kutaka kurudi kusema neno, lakini akafungua mwamvuli wake na kuendelea.

*

Ilibaki feni. Betri ya namna hiyo hulala nyuma ya kiti cha nyuma, na feni ndogo huvuta hewa kutoka ndani ya gari kuipoza, kupitia kidirisha cha matundu kilicho ubavuni mwa kiti. Nathanaël aliifungua skrubu zake, akaigeuza, akaigonga kwenye kiganja. Haikuzunguka.

"Ee Mungu," alisema taratibu.

Mapezi ya feni yalikuwa yameshikana na kuwa kitu kimoja. Kulikuwa na vumbi jekundu la Bunia, na unga wa muhogo, kwa sababu Fulgence alibeba magunia ya unga kutoka kinuni kila Jumatano. Katikati ya vumbi na unga kulikuwa na nyuzi za pamba, zilizovishika vyote viwili kama nywele kwenye matope. Nyingine zilikuwa za kijani, nyingine za manjano.

Fulgence alizitambua kabla ya kuzigusa. Wiki waliyolipata gari, Gertrude alikata kitenge chake cha maua, kile cha sikukuu, akashona vitambaa vya viti kwa mkono, sindano na taa ya simu. Alivivuta vizuri mpaka chini, pande zote, visionyeshe hata ukucha wa kiti cha zamani. Abiria walivisifu. Na kwa muda wote huo vilikuwa vimekifunika kidirisha kile, mashine ikivuta pumzi kupitia kitambaa, na magunia yakiegemezwa juu yake.

"Iko nini?" Ephraïm aliuliza kutoka kwenye pikapu.

Fulgence aling'oa nyuzi chache, akazifumba kiganjani. "Vumbi tu."

Nathanaël alimtazama, akatazama mlangoni ambako sombe ilikuwa inachemka, akaelewa. Alichukua mswaki wa zamani na kuanza kusugua feni, akiwapa mgongo wengine.

*

Jérôme alikuja na viatu safi. Alikuwa mnunuzi wa magari yaliyokufa. Aliyavunja na kupeleka vipande Kampala kila barabara ilipofunguka. Ephraïm ndiye aliyemwita, na hakuficha. Sehemu ya fedha za kulinunua Paka ilitoka kwenye mbuzi zake, na kila walipogombana alisema magurudumu mawili ni yake.

Jérôme alizunguka gari mara moja. Hakuuliza limekufaje. Alitaja bei yake, na kabla Fulgence hajajibu akaitafsiri mwenyewe: "Ni makuta ya nyumba ya miezi mbili, na posho kidogo. Leo hii. Mukononi."

"Gari inatembea, ni mara tano ya hiyo," Fulgence alisema.

"Gari inatembea. Hii inalala."

"Shemeki," Ephraïm alisema, na sauti yake sasa ilikuwa laini, "usikasirike. Chukua. Lipa mama wa nyumba. Halafu tunafanya pikapu pamoja, mimi na weye, zamu kwa zamu. Dada yangu asitoke mu nyumba. Mimi sitafuti kingine."

Alisema kweli. Usiku uliopita hakulala akiwaza turubai lile.

Jérôme alikuwa amefika kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Aliinua ukingo wa kitambaa kwa kidole kimoja. "Hivi vitambaa vinabaki ao munavitoa?"

"Ni mimi nilishona," Gertrude alisema kutoka jikoni. Ndilo neno la kwanza alilomwambia, na lilikuwa na fahari kidogo ndani yake. "Na mukono. Havibaki."

"Mama, ni weye?" Jérôme alitabasamu. Hakuwa na nia mbaya. Alifurahi tu kuonyesha anachokijua. "Kumbe ni weye uliua gari! Hii katundu ya hapa ndio pua yake. Kampala wanatuambiaka kila mara: hapana funika pua. Weye ukamuvalisha nguo mpaka puani!"

Akacheka. Jirani wa upande wa pili naye akacheka, kwa mazoea, kisha akaona nyuso za wengine na kuingia ndani.

Gertrude alikuja akiwa na mwiko mkononi. Alipiga magoti kwa shida mbele ya kiti, akaweka kiganja mahali kitambaa kilipokaa juu ya ubavu wa gari. Akamtazama Nathanaël, na mswaki wake, na nyuzi za kijani zilizobaki kwenye meno ya mswaki.

"Ni kweli?"

Nathanaël hakujua kusema uongo kwa mwanamke mjamzito aliyepiga magoti. "Na bunga pia, mama. Na vumbi. Haiko kitambaa peke."

"Mulijua tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," Fulgence alisema. "Na ni mimi niliweka magunia pale. Magunia ni mingi kuliko kitambaa."

"Ulificha."

"Nilificha."

Gertrude alitikisa kichwa, si kwa hasira. Mwiko ulikuwa unadondosha maji ya kijani ya sombe juu ya saruji ya Mama Huguette, na hakuna aliyeyafuta.

*

"Munaona sasa?" Ephraïm alisema. "Munaona? Gari inakufa juu ya nguo! Juu ya bunga! Na hapa Bunia wapi hakuna vumbi, wapi hakuna bunga? Ile ni gari ya batu wenye barabara ya lami. Siye hapa, si yetu. Muzee Jérôme, toa makuta."

"Ngoja, yaya," Fulgence alisema. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, kati ya wafu na wazima. Alizungumza kama anayejieleza mwenyewe. "Jana nilikuwa sijue nini inaiua. Nilikuwa nafikiri ni yenyewe, ni ya kufa tu. Sasa najua. Kitu unajua inaua nini, unaweza kuilinda. Hata ile mawese yako, kama haujue kuchuja, motere ingekufa siku ya kwanza. Ulijifunza."

"Nilijifunza na motere ya zamani. Weye unajifunza na nyumba ya dada yangu!"

Hilo lilimfikia. Fulgence alijua ni kweli. Wanaume wote wakamtazama Gertrude, bila kupanga, kama watu wanaosikiliza kama mvua imeanza.

Alikuwa ameinuka. Alimwuliza Nathanaël: "Wazima wanatosha?"

"Hawatoshe. Lakini ku garaji moja ya mutaa Saio kuna ibridi ingine, sawa hii, iligongwa mbele. Batri yake iko nyuma. Mwenyewe ni rafiki yangu. Atatoa, tutalipa nyuma."

"Na gari itatoka mulangoni kesho?"

"Mama, sijue. Inafaa kuzifunga zote pamoja zilingane nguvu, ku pano yangu ya jua, zikule umeme. Jua ikitoka asubuhi, pengine mbele ya saa ine. Pengine. Pengine pia itatoka, itafika Kasenyi, itakufa kule. Sitaki kukudanganya."

Gertrude akamgeukia Jérôme. "Makuta yako ni ya miezi mbili."

"Miezi mbili, mama."

"Na mutoto atazaliwa mu ile mwezi ya mbili." Aliweka mwiko juu ya paa la gari. "Kwa hiyo atazaliwa ndani, na wiki ingine tunamutoa inje. Mimi sitaki nyumba ya kuzalia. Nataka nyumba mpaka atembee. Pikapu ni ya yaya, na yaya iko na watoto wake sita, zamu yetu itakuwa siku gani? Siku ya mungu? Aksanti, muzee. Hatuuzishe."

Jérôme hakubembeleza. Alikuwa amezoea kuitwa mara ya pili, kwa bei ya chini kuliko ya kwanza. "Niko ku simu," alisema, akatoka akichagua mahali pa kukanyaga.

Ephraïm alisimama katikati ya uwanja akipumua kwa pua. Kisha akaenda kwenye pikapu, akarudi na spana ya magurudumu. "Vizuri," alisema. "Magurudumu mbili ni yangu. Nazipeleka." Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la Paka na kukaza mkono. Nati ya kwanza ikalia na kulegea. Ya pili ikalegea.

Fulgence hakuinuka. Nathanaël alijishughulisha na feni. Gertrude aliingia ndani, akatoka na kigoda chake, akakiweka nyuma ya kaka yake.

"Kaa vizuri, yaya. Mugongo itakuuma."

Ephraïm alikitazama kigoda. Nati ya tatu ilikuwa tayari ndani ya spana. Akakaa, akaweka spana mapajani na uso juu ya spana. Mabega yalitikisika, na hapakuwa na mtu aliyejua kama anacheka au analia. Alipoinua uso, alizikaza tena zile nati mbili.

*

Mvua ilikuja kabla ya jioni, kwa ghafla, kutoka upande wa ziwa. Walikimbilia vipande vya betri, wakavipakata kama watu wanaookoa vifaranga, wazima kwanza. Ephraïm alijaribu kuondoa pikapu ili wapate nafasi, lakini baridi ilikuwa imeshuka na mawese yameganda kwenye bomba. Injini ilikohoa mara mbili na kunyamaza. Alifunga mlango na kuja kusaidia kubeba.

Walikuwa bado wanabeba vipande, mtu mmoja aliposukuma mkokoteni ndani ya ua. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitanda cha mbao, kikubwa, cha watu wawili, kilichofungwa kwa kamba pamoja na godoro.

"Ni hapa kwa Mama Huguette? Nyumba ya vyumba viwili?"

"Ni hapa," Fulgence alisema.

"Nilitumwa kuleta kitanda. Wenyewe wanakuja kesho."

"Kesho saa ine," Gertrude alisema.

"Mimi sijue saa. Walinilipa mpaka hapa." Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni. Alianza kufungua kamba. "Kule walikuwa wanatolewa leo, kitanda ingelala ku barabara. Niweke wapi?"

Hapakuwa na mahali uani ila matopeni. Yule mtu alisubiri. Fulgence alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa akikitazama kitanda. Kilikuwa kimepakwa vanishi na mtu aliyejali. Kwenye ubao wa kichwani kulikuwa na ua lililochongwa. Matone yalisimama juu ya vanishi na kuanza kuingia kwenye maungio.

"Ingizeni," Gertrude alisema. "Mbao ikinyeshewa inavimba, haitafunga tena."

"Mama Tina..."

"Ingizeni. Wale pia wanatolewa."

Fulgence alishika upande wa kichwa na Ephraïm upande wa miguu. Kitanda hakikupita wima. Walikilaza ubavu, Ephraïm akiamrisha, "Ku kushoto, shemeki, ku kushoto, shusha," na Fulgence akitii. Ndani walilazimika kusimamisha godoro lao wenyewe ukutani na kusogeza ndoo na sanduku la nguo. Kilipokaa, chumba kiliisha. Palibaki njia ya mtu mmoja kupita kiubavu.

Vipande vya betri vilikuwa vimerundikwa kizingitini, na mvua ilikuwa inarukia pale. Nathanaël alitazama huku na huku, kisha akapiga magoti na kuanza kuvipanga chini ya kitanda cha watu wasiowajua, ambako sakafu ilikuwa kavu. Wazima upande wa ukuta, wafu upande wa mlango. Fulgence akamkabidhi kimoja kimoja.

Gertrude alisimama akishika kiuno. Baadaye akakaa kwenye ukingo wa mbao, polepole, na hakuna aliyemwambia asikae.

"Tufikie hapa," Nathanaël alisema, akivua glavu zake. "Ile ya Saio naifuata asubuhi sana. Halafu kufunga zote pamoja. Halafu pano."

"Na kama jua haitoke?" Gertrude aliuliza.

Nathanaël alikuwa ameinama akitafuta kiatu chake kati ya vipande. Alikipata, akakivaa, akakaza kamba kuliko ilivyohitajika.

"Nitakuja tu, mama," alisema.

Alitoka mvuani. Ephraïm naye alikwenda kukaa ndani ya pikapu yake kungoja mvua ipungue. Fulgence alichukua kipande cha msasa na mfuko wenye vipande vya shaba vinavyounganisha betri, vilivyokuwa vimeota kutu ya kijani, akasimama mlangoni penye mwanga. Alisugua cha kwanza mpaka kikang'aa. Alisugua cha pili. Mwanga ulipokuwa hautoshi tena kuona shaba na kutu, alivigusa kwa kidole gumba vile vilivyobaki, vilikuwa vingi kuliko alivyomaliza, akavirudisha ndani ya mfuko na kuuweka pakavu nyuma ya mlango, tayari kwa asubuhi.